Dakika za Chooni

Kampuni ile ilimruhusu mfanyakazi kuacha kiti chake kwa sababu tatu tu, na kila sababu ilikuwa na kitufe chake kwenye kompyuta. Kulikuwa na kitufe cha Chakula, hicho ulikibonyeza mara moja kwa siku, basi. Kulikuwa na kitufe cha Mtandao, ambacho ukikigusa tu, fundi wa makao makuu anakupigia simu na kukuhoji kama polisi. Na kulikuwa na kitufe cha Choo. Hicho hakikuwa na fundi wala kikomo, maana hata wenye kampuni, pamoja na ujanja wao wote, waliona haya kumpangia mtu mzima haja zake. Kitufe cha Mgonjwa hakikuwepo. Walioiunda programu ile bila shaka walikuwa na watu wa kuwauguzia wagonjwa wao.

Msimamizi alikuwa na watu kumi na wawili chini yake. Kabla ya ule ugonjwa walikuwa wakikaa chumba kimoja mjini, wakipokea simu za wateja waliotaka kujua vifurushi vyao vimefika wapi. Ugonjwa ulipoingia na watu wakaambiwa wajifungie ndani, kampuni iligawa kompyuta na kila mtu akaenda kupokelea simu kwake. Tangu hapo Msimamizi aliwaona watu wake kama nukta kumi na mbili pembeni mwa kioo. Kijani, mtu yuko kazini. Njano, ameacha kiti. Nyekundu, hajulikani alipo. Mwanzoni akiona njano alikuwa anajiuliza, jamani, huyu kapatwa na nini? Baada ya miaka miwili akiona njano alikuwa anaandika njano.

Sasa, nukta ya saba ilikuwa ya wifi yake, mdogo wa mumewe, na wala haikuwa mbali. Ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya plaiwudi ambayo mume aliipigilia kwa mkono wake walipoamua kukigawa chumba kimoja kiwe viwili. Sheria ya kampuni ilikataza mtu kumsimamia ndugu yake. Lakini siku zile za ugonjwa simu zilikuwa zinamiminika, watu wanaajiriwa bila kuonana uso kwa uso, na Msimamizi alimpenyeza wifi yake kimya kimya, akaandika anwani ya shoga yake mmoja wa mtaa wa mbali. Kazini waliitana "msimamizi" na "dada". Wakizima maiki walirudi kuwa mawifi na kubishana nani zamu yake kuosha masufuria.

Chumba cha Wifi ndicho alicholala Mama, mama mkwe wa Msimamizi. Mama aliugua katika wimbi la kwanza. Daktari alisema amepona, ila mapafu yake hayakupata habari hiyo. Kikohozi kikimshika amelala, lazima mtu amwinue, amwinamishe mbele, amsugue mgongo mpaka makohozi yatoke, la sivyo pumzi inakataa kupita na midomo inabadilika rangi. Ilikuwa mara tano, mara nyingine nane kwa siku. Wifi alikuwa anamwambia mteja, subiri kidogo mpendwa, anabonyeza Choo, anakwenda kumwinua mama yake. Upande wa pili Msimamizi anaiona nukta ya saba imekuwa njano, anasikia kikohozi, anajua, anaendelea na kazi. Nukta yake mwenyewe, ambayo makao makuu waliiona, haikuwahi kuwa njano ila saa ya chakula.

Jumatatu moja asubuhi alipigiwa na yule bwana wa makao makuu ambaye wafanyakazi, akiwa hayupo, walimwita Bwana Takwimu. Alianza na salamu ndefu, na Msimamizi akajua kuna jambo. Ugonjwa umekwisha, alisema, maduka yamefunguliwa, watu wanakwenda kununua vitu vyao kwa miguu yao, vifurushi vimepungua. Kwa hiyo Jumatatu ijayo kila mtu arudi ofisini, saa mbili kamili awe kwenye kiti. Na katika wale kumi na wawili, mmoja atapunguzwa. Alisema "mmoja tu" kama mtu anayekupa zawadi.

"Nimekutumia orodha," aliendelea. "Umeona namba saba? Dakika elfu mbili na mia nne za chooni ndani ya miezi mitatu. Saa arobaini nzima. Nimeona watu, lakini huyu dada kazidi. Anaumwa tumbo au ndiko anakolala?"

Alicheka. Msimamizi naye alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, hakikumfurahisha na hakikumuuma, na nyuma ya plaiwudi alimsikia Wifi akimpa pole mteja aliyeletewa feni badala ya pasi. Bwana Takwimu akasema kama Msimamizi ana maoni tofauti, arekebishe rekodi na kueleza sababu kabla ya Alhamisi jioni, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua watu wake. Ijumaa Msimamizi atampigia simu huyo wa kuondoka, amwambie kwa ustaarabu, na makao makuu watakuwa kwenye laini wanasikiliza.

Wa pili kwenye orodha alikuwa Baba Pacha, dakika mia tisa. Huyo alikuwa kazini kabla ya Msimamizi mwenyewe. Alikuwa na sauti ya upole kiasi kwamba wateja waliopiga wakiwa wamefura walimaliza kwa kumuombea dua.

*

Jioni ile alimkuta Wifi uani akikamua shuka za Mama, akamweleza yote bila kuficha: kurudi ofisini, mmoja kupunguzwa, dakika za chooni. Utani wa Bwana Takwimu tu ndio aliouacha. Wifi alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

"Zinaweza kubadilishwa?" aliuliza.

"Zinaweza. Naingia kwenye faili, naandika Mtandao mahali pa Choo."

"Basi zibadilishe, wifi."

"Halafu aondoke Baba Pacha?"

Wifi aliikamua shuka mpaka maji yakakata. "Mimi sijasema aondoke mtu. Nimesema dakika zile hazikuwa za chooni, na wewe unajua zilikuwa za nini."

"Nitaona," Msimamizi alisema.

Wifi alitosheka. Aliitandaza shuka kwenye kamba, akaanza kuuliza mambo ya kurudi ofisini: Mama watamwachia nani, na kama mishahara miwili itaendelea wataweza kumtafuta mama mmoja mtaani aje ashinde naye. Aliyapanga yote pale pale, amesimama, na vibanio vya nguo mdomoni. Hakuona sababu ya kuuliza mara ya pili, kwa sababu mtu aliyekuingiza kazini kwa mlango wa nyuma huoni atakutoa kwa mlango gani.

Mume hakuwepo. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na tangu kazi za mjini zikauke aliifuata kazi mji mwingine, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Msimamizi alimpigia. Alisikiliza, akavuta pumzi, akauliza Mama amekula nini leo. Alipobanwa akasema, "Mimi nitasema nini? Yule dada yangu, wewe mke wangu. Bosi wao ni wewe. Amua." Na mwanamume akishakuambia amua wewe, ujue kesho atakuambia si uliamua wewe.

*

Alhamisi mchana Msimamizi alifungua fomu ya marekebisho. Ilikuwa na nafasi tatu: kosa gani, sababu gani, nani atathibitisha. Aliandika kwamba mtandao wa mfanyakazi namba saba ulikuwa unakatika mara kwa mara. Aliusoma mstari huo mara mbili, kisha akakumbuka jambo ambalo alipaswa kulikumbuka tangu Jumatatu. Mafundi wa makao makuu waliona laini. Yeye na Wifi walitumia kidude kimoja cha intaneti, kile kilichokaa juu ya kabati la vyombo. Namba saba ikikatika, na ya Msimamizi ingekatika, na yake haikuwa imekatika hata siku moja. Wangeuliza kwa nini watu wa mitaa miwili wanakula laini moja. Hapo asingeondoka mmoja. Wangeondoka wawili, na nyumba nzima ingebaki inaangaliana.

Aliufuta mstari. Nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, na hesabu yake ilikuwa sahihi, hakuna ambaye angemkosoa.

Ila kulikuwa na maneno mengine ambayo hayakuhitaji laini wala kidude. Angeweza kuandika kwamba mfanyakazi namba saba anauguza mama yake. Kweli tupu, na nani katika miaka ile hakuuguza? Aliandika "mfanyakazi anauguza" na vidole vikasimama. Wangemuuliza amejuaje. Wangemuuliza mbona hakusema miezi yote hiyo, msimamizi gani asiyetoa taarifa. Rekodi yake ilikuwa safi kama sahani ya mgeni, na kuna cheo kilichokuwa kinatajwatajwa. Alingoja aone kama moyo utamsuta. Haukusema kitu. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi, kama mguu ulioukalia, na alikuwa amezoea kutembea nao hivyo hivyo. Akaufuta na huo, akaifunga fomu tupu.

Jioni Wifi alimuuliza kama anataka chai. Akasema anataka. Walikunywa wakiwa wamekaa pamoja kitandani kwa Mama, wakasikiliza taarifa ya habari kuhusu kufunguliwa kwa shule. Hakumwambia.

*

Ijumaa saa nne asubuhi ujumbe uliingia kwenye kompyuta ya Wifi, ukimwita kwenye kikao cha watu watatu. Msimamizi alisikia kiti kikivutwa nyuma ya plaiwudi. Alifikiri Wifi atakuja mlangoni. Hakuja. Nukta ya saba ikaingia kwenye kikao.

"Habari za asubuhi, dada," Msimamizi alisema.

"Nzuri, msimamizi." Sauti ilimfika mara mbili, kwanza kupitia ubao, kisha kupitia hedifoni.

Alisoma karatasi aliyoletewa. Kampuni inakushukuru kwa mchango wako katika kipindi kigumu. Kampuni imelazimika. Kampuni inakutakia kila la heri. Alisoma polepole na kwa ustaarabu, kama alivyoagizwa, na alipofika mwisho Bwana Takwimu akaingilia, akamkumbusha amweleze mhusika sababu.

"Sababu ni muda wa kutokuwepo kwenye kiti," Msimamizi alisema.

"Muda upi, msimamizi?"

"Muda wa mapumziko binafsi."

"Chooni, dada," Bwana Takwimu alimsaidia. "Saa arobaini. Una la kusema?"

Wifi alijibu: "Nilikuwa namwinua mama yangu. Ni mgonjwa wa kifua. Msimamizi wangu anajua."

"Unajua?" Bwana Takwimu aliuliza.

Kamera ya Msimamizi ilikuwa wazi, akajiona kwenye pembe ya kioo, kola imenyooka, uso hauna kitu.

"Hajawahi kuniletea maombi rasmi, bosi," alisema. Na ilikuwa kweli. Ndio ubaya wake, kwamba ilikuwa kweli.

Hapo ndipo Mama alipoanza kukohoa. Kikohozi kilianza kidogo kidogo, kisha kikapanda, kile cha kukwama. Wanawake wote wawili walikijua. Wifi alikuwa hatua mbili kutoka kitandani, Msimamizi hatua saba, na hakuna aliyenyanyuka, kwa sababu kikao kilikuwa hakijafungwa na mfanyakazi alikuwa bado hajatamka kwamba ameelewa na amekubali.

"Nani anakohoa hivyo?" Bwana Takwimu alisema. "Msimamizi, mbona nakisikia na kwako pia?"

"Ni mwangwi, bosi. Kinatoka kwa mfanyakazi."

Neno moja la Wifi lingetosha. Angesema huu si mwangwi, huyu ni mama mkwe wake, na mimi ni wifi yake, naongea naye kwenye ukuta. Msimamizi alilingoja neno hilo na hakuogopa. Alilingoja tu, kama mtu anayengoja simu ipokelewe.

"Nimeelewa," Wifi alisema haraka. "Nimekubali. Naomba niende."

Hakubonyeza kitufe chochote. Kiti kilianguka nyuma ya ubao, nukta ya saba ikawa nyekundu, kisha ikafutika kabisa, na zile zilizokuwa chini yake zikapanda kujaza nafasi. Zikabaki kumi na moja. Ukutani ilisikika sauti ya kiganja kikisugua mgongo, na Wifi akisema toa, Mama, toa, usimeze, na Mama akitoa.

Bwana Takwimu alibaki kwenye laini. Alishusha pumzi, akasema hizi kazi si nzuri lakini lazima zifanyike, na Msimamizi ameifanya kwa utulivu mkubwa. Akasema amepitia rekodi za wasimamizi wote, nchi nzima, na hakuna mwingine ambaye kwa miaka miwili hakuacha kiti hata mara moja wakati wa kazi. Angependa kumtaja kwenye mkutano mkuu.

"Hebu niambie siri yako," alisema. "Una nyumba, una familia, kama sisi wote. Umewezaje?"

Nyuma ya ubao kiganja kilikuwa kimetulia. Mama alikuwa anapumua.

"Kujipanga tu, bosi," Msimamizi alisema.

*

Jumamosi na Jumapili zilipita bila ugomvi. Wifi hakununa. Alipika, akafua, akamwogesha Mama, akauliza kama chumvi imetosha. Alipanga kompyuta ya kampuni na hedifoni kwenye boksi, akaliweka mlangoni kwa Msimamizi ili alipeleke ofisini. Msimamizi alijiandaa kwa maneno, na maneno hayakuja, akaona afadhali. Mume alipiga, akaambiwa, akatoa pole zake, kisha akasema si uliamua wewe. Mama hakuambiwa kitu. Aliuliza mara moja kwa nini siku hizi upande huu hawaongei na wateja, akajibiwa kwamba wateja wamepungua.

Jumatatu Msimamizi aliamka mapema, akavaa sketi ya kazini ambayo ilikuwa haijatoka kabatini miaka miwili, na viatu ambavyo sasa vilimbana. Alichukua boksi. Alipofika sebuleni alimkuta Wifi amesimama mbele ya kioo, amevaa, amechana nywele, mkoba begani.

"Unatoka?" Msimamizi aliuliza.

"Kuna duka la vitambaa wanataka muuzaji. Wamesema nianze leo."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa sina uhakika. Wamenipigia jana."

Msimamizi aliangalia mlango wa chumba cha Mama, kisha saa ya ukutani. "Na Mama anabaki na nani?"

Wifi alijitazama kioo mara ya mwisho, akanyoosha ukosi. Hakuwa na hasira, hilo lilionekana. Alilisema kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia.

"Kujipanga tu, wifi."

Alitoka. Hakuubamiza mlango, aliurudisha taratibu kama alivyouzoea, ili usimshtue mgonjwa. Msimamizi alibaki na boksi mikononi, akiwaza majina ya majirani mmoja mmoja, nani ana nafasi, nani hajawahi kumsalimia, na alikuwa amefika kwenye jina la tatu Mama alipoanza kukohoa.

Alingoja. Kwa miaka miwili kikohozi kile kikianza, kuna kiti huvutwa na miguu hukimbia, na masikio yake yalikuwa bado yanavisubiri vitu hivyo. Kikapanda. Akaweka boksi chini, akaingia.

Mama alikuwa amelala chali, macho yamemtoka, mkono mmoja unapapasa hewani. Msimamizi alimshika mabega na kumvuta. Hakunyanyuka. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na kila alipovutwa kichwa kilirudi nyuma, kikohozi kikakwama zaidi. Alijaribu kwapa. Akajaribu mikono. Mama alimpiga kofi dogo la kumzuia, akajigeuza ubavu mwenyewe kwa taabu, akapata pumzi kidogo.

"Si hivyo," alisema, maneno yakitoka vipande vipande. "Goti kwanza. Weka goti hapa kitandani. Mkono mmoja nyuma ya shingo... mwingine huku chini. Halafu ndiyo unainuka na mimi."

Msimamizi aliweka goti kitandani, kiatu kikamtoka. Aliweka mkono kwenye shingo iliyolowa jasho, akawa hajui wa pili auweke wapi.

"Mwanangu," Mama alisema, "miaka yote hii hujamwona mwenzako anavyofanya?"

"Sijamwona, Mama," Msimamizi alisema. "Nilikuwa namsikia tu."